Uso Kwenye Kopo

Tulimwacha Mama Pacha mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa stoo. Ndani palikuwa giza. Na kutoka katika giza hilo ilisikika sauti ya mumewe ikisema taratibu, "Sogea huku, hapo hutaona vizuri," na mwanamke akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea.

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye kisa hiki, shika haya tu. Mume huyo mtaa mzima unamwita Mkemia. Anatengeneza mafuta ya kupaka watoto katika kiwanda kidogo nyuma ya nyumba yake, na kwenye mfuniko wa kila kopo kuna picha ya mkewe anacheka. Mwaka huu makopo bandia yamejaa madukani: uso uleule, mfuniko uleule, ndani uchafu. Mkemia akamwita mwanamke mtaalamu wa lebo aje kumkinga na wezi hao. Tangu siku hiyo Mama Pacha hajui chakula kina ladha gani.

Akafungua mlango.

Stoo ilikuwa nyeusi tii, ila juu ya meza palikuwa na doa la mwanga wa zambarau, na vichwa viwili vimeinamiana juu yake. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa vimeushika mkono wa Mkemia ili usitikisike. Na kola ya shati la Mkemia, shati ambalo Mama Pacha alilifua na kulipiga pasi mwenyewe, ilikuwa inawaka kwa mwanga ule kama taa.

"Mnaangalia nini?" akauliza.

Mkemia akazima tochi.

Hapo ndipo alipokosea. Angewasha taa ya chumba akasema, mke wangu, njoo uone, basi leo tungekuwa tunaagana na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini alizima. Na mwanamume anayezima taa mkewe anapoingia, hata kama hana kosa, ameshajitafutia.

"Mama Pacha, tafadhali, toka kwanza."

"Nitoke?"

"Ni mambo ya kazi. Nitakuambia siku yake."

Yule mwanamke alikusanya vitu vyake mezani bila haraka, akavitia kwenye mkoba. "Samahani, dada," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Akapita. Manukato yake yakabaki.

Mama Pacha alisimama pale mpaka macho yakazoea giza. Alikuwa ameyaona makaratasi ya yule mwanamke juma lile. Mfuniko mpya ulikuwa mweupe, una jina la mafuta tu. Alipouliza uso wake umekwenda wapi, Mkemia alijibu bila kumtazama, "Picha ni rahisi kunakili. Mtaalamu amesema itolewe."

Mtaalamu amesema. Mafuta yenyewe yalianza kwenye jiko lao, sufuria yao ya kupikia, yeye anakoroga nta huku Mkemia anapima. Na sasa anakuja mwanamke wa mkoba, anasema uso utolewe, na uso unatolewa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake wa kike.

Mdogo wake ana duka la vipodozi kwenye kona, na kwa maneno yake mengi watu walimpa jina la Chiriku. Mtu akiingia kununua sabuni hutoka na sabuni, umbea na kicheko juu. Jina la "Bibi Lebo" analoitwa yule mtaalamu ni yeye aliyelitunga, na Mama Pacha alilipenda kwa sababu lilimfanya yule mwanamke aonekane mdogo.

"Gizani?" Chiriku akauliza. Alikuwa anapanga makopo ya shemeji yake rafuni, akaacha.

"Gizani. Kamshika mkono."

"Na yeye kasemaje?"

"Eti nitaambiwa siku yake."

Chiriku akavuta kiti akakaa karibu, magoti yakagusana. "Dada, mimi sisemi kitu. Shemeji ni mtu mzuri. Lakini mwanamume akikwambia siku yake, jua siku yenyewe imeshapita na hukualikwa." Akamshika mkono. "Walikuwa na kitu pale mezani?"

"Kitu kama utepe. Unang'aa."

"Utepe." Chiriku akalitafuna neno lile. "Utepe wa kufungia zawadi?"

"Sijui."

"Basi ujue. Angalia mifukoni mwake. Sisemi upekue, dada. Nasema unafua nguo za mumeo, na nguo zina mifuko."

Kesho yake Mama Pacha alifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Katika mfuko wa ndani wa koti la kazi la Mkemia, lile ambalo hulivua mwenyewe na kulitundika nyuma ya mlango, alikuta kitu kimefungwa kwenye karatasi laini. Akakifungua. Ulikuwa utepe wa rangi ya fedha, umezungushwa kama uzi kwenye kigurudumu chake, mzuri, unateleza mkononi kama hariri. Akaunusa. Manukato yaleyale.

Hakulia. Aliuweka kwenye kapu chini ya nguo, akaupeleka dukani.

Chiriku aliufungua kidogo, akaunyanyua dirishani, akaupeleka huku na huku. Macho yake yalikaa pale muda mrefu kuliko macho ya mtu anayetazama utepe wa zawadi. Mama Pacha aliliona hilo. Akadhani ni huruma.

"Pole, dada."

"Nimrudishie mwenyewe usoni?"

"Usifanye hivyo. Atakupa uongo mmoja mzuri na utauamini, nakujua. Uache hapa kwangu. Wewe nenda nyumbani, kaa kimya, mtazame tu. Mtu akipoteza kitu cha halali huuliza: jamani, kitu changu fulani kiko wapi? Akipoteza kitu cha haramu, hutafuta bila kukitaja. Utajua mwenyewe."

Ushauri huo ulikuwa na akili nyingi. Ndiyo ubaya wake.

Mkemia alianza kutafuta jioni ileile kabla jua halijazama. Alilivua koti, akalivaa, akalivua tena. Akainua magodoro. Akapiga magoti chini ya meza ya kiwandani na tochi yake. Mama Pacha alikaa barazani anawanyonyesha pacha wake wawili, mmoja kila upande, na kila droo iliyovutwa mle ndani ilimpa raha chungu, kama kukwaruza kidonda.

Mwishowe Mkemia alikuja akasimama mbele yake. Jasho limemtoka.

"Mama Pacha. Hujaona utepe wa rangi ya fedha?"

Kumbe ametaja. Lakini alikuwa amechelewa kutaja, na mkewe alikuwa ameshaamua.

"Utepe gani?"

Walitazamana. Mkemia alikuwa na macho ya mtu anayetaka kuuliza swali la pili na anaogopa jibu lake. "Hamna kitu," akasema. "Utakuwa kiwandani."

Hakuuliza tena. Akawa mpole kupita kawaida. Anambebea ndoo, anamwamkia asubuhi kabla hajaamkiwa. Mama Pacha akaongeza na hilo kwenye mashtaka: mwanamume asiye na kosa upole wote huu wa nini?

Makopo mapya yakatoka. Mifuniko myeupe, na juu ya kila mfuniko kipande cha utepe wa fedha kimekatiza, ili ukifungua kichanike na kisirudi. Mama Pacha aliviona vipande vile siku gari lilipokuja kupakia mzigo. Vilifanana na ule utepe. Moyo wake ulitaka kumwambia kitu, akaukatiza. Alikuwa anamtazama Bibi Lebo, aliyesimama kando ya gari na kalamu sikioni, akimwambia Mkemia neno na Mkemia akitikisa kichwa kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara.

Kisha ikaja siku ya muuguzi.

Alikuwa jirani, muuguzi wa zahanati, mtu wa sauti ya chini. Siku hiyo aligonga geti la kiwanda kwa kiganja kizima. Mgongoni hakuwa amembeba mtoto wake kama kawaida. Alimshika mbele, mikononi, kwenye shuka jeupe, kama mtu anayebeba sinia la mayai.

"Mwite mumeo," akamwambia Mama Pacha.

Mkemia alitoka anapangusa mikono. Muuguzi akafunua shuka.

Kuanzia kwapani mpaka mapajani mtoto alikuwa ameungua. Ngozi imevimba, penginepo imeambuka, chini yake pekundu. Hakuwa analia. Alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, na sasa mdomo ulifunguka tu bila kutoa kitu.

"Nimempaka jana baada ya kumwogesha," muuguzi akasema. "Mimi. Kwa mikono yangu. Na sikununua barabarani. Nilisikia bandia zimejaa, nikasema sitaki kubahatisha, nikaenda kununua kwa shemeji yako hapo kona. Nikahakikisha na utepe upo." Akatoa kopo mfukoni, akalisukuma kifuani kwa Mkemia. "Haya. Niambie hili nalo ni bandia."

Mkemia alilipokea kopo. Utepe uliochanika ulikuwa bado umening'inia. Akatoa ile tochi yake ya zambarau, akauziba mwanga wa jua kwa koti, akachungulia.

 Alikaa chini palepale kwenye simenti.

"Nini?" Mama Pacha akauliza. "Umeona nini?"

Mkemia akalifunika kopo kwa kiganja.

Mkaguzi wa viwango alifika pamoja na askari, kwa kuwa zahanati ilikwisha kuwapigia. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na upole wake ulitisha. Alichovya kijiti kwenye yale mafuta, akanusa, akadondoshea kitu kutoka kwenye kichupa. Kijiti kikageuka rangi.

"Kostiki," akasema. "Dawa kali ya kutengenezea sabuni. Na mafuta yenyewe ni ya kulainishia mashine, yamesafishwa kijinga. Hata mlango wenye kutu nisingeupaka." Akaelekeza tochi kwenye utepe. "Lakini alama ya siri ipo. Kwa hiyo kopo ni lenu."

"Mafuta si yangu," Mkemia akasema.

"Utepe?"

Mkemia akaliangalia kopo.

"Tepe hizi zinatoka mahali pamoja na zinakabidhiwa mtu mmoja. Ulisaini. Kuna yoyote iliyopotea ukatoa taarifa?"

Mkemia aliinua kichwa. Hakumtazama mkaguzi wala muuguzi. Alimtazama mkewe, muda mfupi tu, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa.

"Hakuna iliyopotea," akasema. "Utepe ni wangu. Niliutunza mimi."

"Basi twende."

Unadhani Mama Pacha alielewa? Wivu ni kilema cha macho, unaona kingine kabisa. Alichoona yeye ni mume aliyepoteza zawadi ya hawara, na sasa anajifunga kitanzi mwenyewe ili jina la yule mwanamke lisitajwe. Alimtazama akipanda gari la askari na alichokuwa anawaza ni hiki: anambebea. Hata leo, hata hapa, anambebea yule.

Majirani walijaa getini. Mama yake mzazi, aliyekuja mbio viatu havijalingana, aliwachukua pacha kabla hata hajasikia kilichotokea. "Nakwenda nao kwangu," akasema. "Hapa si mahali pa watoto. Wewe fuatilia ya mumeo." Mkaguzi akafunga kiwanda kwa kufuli lake na kubandika karatasi.

Ndipo Bibi Lebo akafika, anahema, mkoba unamgonga ubavuni.

"Wamempeleka?"

"Umefurahi?" Mama Pacha akamwambia. "Amekataa kukutaja. Amejitwika yote. Nenda kampelekee chai."

Yule mwanamke alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa lugha ngeni. "Kunitaja mimi? Kwa lipi?"

"Utepe alipewa na nani?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Na ule uliokuwa kwenye karatasi laini, mfukoni, unanukia manukato yako? Nao kazi?"

 Bibi Lebo alimtazama, na polepole uso wake ukabadilika. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Pacha hakulitegemea. Alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye choo cha nje, akafunga mlango, wakawa wawili gizani wamebanana kama vikombe. Akatoa kipande cha utepe na tochi.

"Tazama."

Mwanga wa zambarau uliwaka. Juu ya utepe, mahali palipokuwa patupu, palitokea mistari midogo ya kijani inayong'aa. Jicho. Shavu. Meno.

Ulikuwa uso wake mwenyewe. Mdogo kama kucha, anacheka, umerudiwa na kurudiwa kwenye utepe wote.

"Nilimwambia tuweke nyota," Bibi Lebo akasema gizani. "Au namba. Kazi ingekuwa rahisi. Akakataa. Alisema kama uso wako unatoka mfunikoni, basi uwe ndio alama ya siri, mahali ambapo hakuna mwizi atakayeuona. Tulihangaika na hicho kicheko mpaka tukachoka, kila mara anasema bado, mdomo wake haukai hivyo. Siku ile ulipoingia stoo, ndiyo kwanza kimetoka sawa."

Mama Pacha alitafuta ukuta.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mimi nilimkataza. Makopo yaliyokuwa yanajazwa uchafu hayakuwa ya kuiga. Yalikuwa makopo yenu halisi, matupu, mtu anayakusanya na kuyarudisha sokoni. Nikamwambia mwizi yuko karibu nanyi, usimwambie mtu, hata mkeo. Alinibishia sana. Hilo ni kosa langu na nitalibeba." Akazima tochi. "Kisha utepe mmoja ukapotea. Nikamwambia atoe taarifa siku ileile. Akaniomba autafute kwanza nyumbani. Dada, leo ndiyo nimeelewa kwa nini. Alishajua ni nani aliyeugusa mfuko ule. Hanibebi mimi. Anakubeba wewe."

Mle ndani palikuwa na harufu ya unyevu na manukato yale. Mama Pacha aliyachukia kwa wiki nyingi, na sasa yalikuwa manukato tu, ya mwanamke aliyechoka, aliyefanya kazi yake.

"Mimi niliuchukua," akasema. "Nikampa mdogo wangu."

Bibi Lebo alifungua mlango. "Nenda ukahakikishe kama bado anao. Mimi namfuata mkaguzi. Na ukisharudi, utasema mwenyewe. Siwezi kukusemea."

Mchana ulikuwa mkali. Duka la kona lilikuwa limefungwa nusu, lango la bati limeshushwa mpaka kiunoni. Mama Pacha akainama, akapita chini yake.

"Tumefunga," Chiriku akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi."

Kitu kizito kilikokotwa sakafuni. Mama Pacha akavuta pazia.

Chumba kile alikijua kama mahali pa kuwekea maboksi. Sasa kulikuwa na pipa la mafuta meusi, pipa la mafuta yaliyopauka, jiko la gesi, na makopo ya mumewe yamepangwa kwenye mbao, wazi, yanasubiri. Makopo matupu ambayo wateja huyarudisha dukani, na Chiriku huwapa peremende kwa kila moja, na watu wakasema ana roho nzuri. Kwenye kiti palikuwa na ule utepe. Ulikuwa umepungua sana.

"Mtoto wa muuguzi ameungua," Mama Pacha akasema.

"Nimesikia."

"Umesikia."

"Sikujua ile dawa itabaki. Nilidhani inatoka ukisafisha mara mbili." Chiriku hakuwa analia. Sauti yake ya maneno mengi ilikuwa imekauka, yamebaki machache. "Usinitazame hivyo, dada. Ulipolileta kapu lako hapa ulikuwa unataka mumeo aumie. Mimi nilikusaidia."

"Nilikosa nini kwako?"

Chiriku akacheka bila furaha. Akachukua kopo la zamani, lenye picha, akamwekea mbele ya macho.

"Unaona nini?"

"Najiona mimi."

"Tazama begani."

Mama Pacha akatazama. Alikuwa ameuona mfuniko ule mara zisizohesabika na hakuwahi kutazama mahali pengine zaidi ya uso wake. Pembeni kabisa, juu ya bega lake, palikuwa na ncha za vidole.

"Vidole vyangu," Chiriku akasema. "Ilikuwa picha yetu wawili, siku ile mlipofaulu kupika sufuria ya kwanza. Nani alikoroga ulipoungua mkono? Mimi. Nani alionja kama inawasha, akajipaka usoni? Mimi. Kisha mkanikata. Mkaacha vidole, kwa sababu vilikuwa vimegusa bega lako na hamkutaka kuliharibu. Na mimi ninauza. Kila siku napanga uso wako rafuni, naufuta vumbi. Wateja wananiambia, kumbe ndugu yako, mnafanana, ila yeye ndiye mzuri."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba naona wivu? Wewe ulipoona wivu, ulisema kwa mumeo?"

Hilo lilimpata. Mama Pacha alikaa juu ya boksi. Wakatazamana, ndugu wawili wenye shavu moja na pua moja, na kati yao makopo wazi.

"Nakwenda polisi," Mama Pacha akasema. "Nitasema niliiba utepe, nikakupa. Sitaficha langu wala lako."

"Tutalala ndani wote."

"Tutalala. Yule mwenye kulala huko sasa hivi hana kosa."

"Na Mama? Utamwambia nini Mama?" Chiriku alianza kufunga utepe haraka haraka. "Dada, nisikilize. Nitamwaga yote. Nitakwenda mwenyewe kwa muuguzi, nitapiga magoti. Mimi si muuaji. Hakuna mtu wa kwetu aliyepakwa haya mafuta, nilihakikisha, wewe unatumia ya kiwandani, na Mama nilikuwa nampa yale ya..."

Akanyamaza.

Mama Pacha alikuwa hajawahi kumwona mdogo wake ananyamaza katikati ya sentensi. Chiriku alikuwa anatazama nje ya pazia, kwenye rafu ya mbele. Makopo mapya yalikuwa yamepangwa bega kwa bega, mifuniko myeupe na utepe wake wa fedha. Katikati ya safu palikuwa na pengo.

"Mama amepita hapa," Chiriku akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Kabla yako. Nilikuwa huku nyuma naficha mapipa. Akaita, mwanangu, nachukua kopo moja, kwa dada yako wamefunga. Na mimi nikajibu." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nikajibu, chukua, Mama."

"Kopo la nini? Mama ana shida gani na mafuta?"

"Alisema anawaogesha pacha."

Hakuna aliyekumbuka lango. Walilipita limeshushwa, Mama Pacha akajigonga paji la uso na hakusikia maumivu. Walikimbia barabarani mchana kweupe, mmoja ana kiatu kimoja, mwingine bado ameshika utepe unaofunguka nyuma yake, na watu waliokuwa wanamcheka Mkemia tangu asubuhi wakaacha kucheka wakapisha njia. Chiriku alipiga simu huku anakimbia. Iliita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Hapokei," akasema. "Dada, hapokei."

"Kimbia."

Nyumba ya mama yao iko mwisho wa uchochoro, mlango wa bluu. Mama Pacha aliugonga kwa ngumi zote mbili. Ndani palisikika maji yakimwagwa, beseni likisogezwa, kandambili zikiburuzwa bila haraka yoyote.

Mlango ukafunguka. Mama yao alisimama pale na taulo begani, mikono yake inameremeta mpaka kwenye viwiko, anajikuna kiganja.

"Mbona mnahema hivyo?" akauliza. "Tulieni, watoto hawana shida. Mmoja nimeshampaka, amelala. Huyu wa pili ndiyo namtoa kwenye maji."

Kutoka chumba cha ndani, yule aliyelala akaanza kulia.